Enea, bana na kaza

Katika *enea* na *bana*, mtenda ni kiatu. Katika *kaza*, mtenda ni mvaaji. Katambuga, yaani viatu vya mpira wa gurudumu la gari, zikimwenea mvuvi wa Shumba, kaskazini mwa Pemba, hupita juu ya miamba bila shida. Zikimbana, humchubua, zikimpwaya, humvuka miguuni. Akaze au alegeze kanda zake, kiatu kidogo hubaki kidogo. Hivyo, mfasiri wa maelekezo kwa wapandaji wa Kilimanjaro asiandike "kaza buti" akikusudia "chagua buti zinazokuenea": msomaji atazidisha kuvuta kamba, na miguu itakufa ganzi njiani. Aidha, *kaza buti* ni nahau yenye maana ya kujitahidi.