Maabara Haina Tumbo la Kucheua

Ng'ombe akianza kukohoa Kishushe, kwenye malisho yanayopakana na hifadhi ya Tsavo Magharibi, mfugaji huwa na njia mbili: sindano kutoka agroveti au magome ya kuchemsha. Kila njia ina wafuasi wake, nao hawaachi kubishana. Wanasayansi wanauliza: je, zikitumiwa pamoja?

Kikohozi hicho kinaweza kuwa homa ya mapafu ya kuambukiza, inayoletwa na mikoplazma, kijidudu kisicho na ukuta wa seli. Penisilini huua kwa kuharibu ukuta huo, kwa hiyo hapa ni sawa na kumpeleka mbomoa kuta kwenye hema. Zinabaki dawa chache, kama oksitetrasaiklini, nazo zikidungwa ovyo vijidudu huzizoea.

Hapo ndipo mmea unapoingia. Karvakroli ya oregano na eujenoli ya karafuu hudhoofisha utando wa kijidudu, ukaanza kuvuja. Antibiotiki hupata penyo, na katika baadhi ya majaribio ya maabara dozi ndogo imefanya kazi ya dozi kubwa. Mimea yetu nayo imepimwa: mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ya Nairobi, walichapisha matokeo kwamba baadhi ya mimea ya tiba ya Kenya huzuia vijidudu vya jamii hii ya mikoplazma. Na nani asiyejua dawa mseto ya malaria? Moja ya dawa zilizomo asili yake ni mmea, artemisia.

Lakini sahani ya maabara haicheui. Mnyweshe ng'ombe dawa ya majani, nayo itaangukia kwanza tumbo kubwa lililojaa vijidudu wa kusaga nyasi. Hao huweza kuivunjavunja kabla haijafika damuni, sembuse mapafuni. Ukizidisha, unawadhuru wao, na mnyama anaacha kula. Kwangu mimi, hiki ndicho kizingiti halisi, wala si ubishi wa dawa ya kienyeji na ya kisasa.

Kuna hatari nyingine: ng'ombe aliyepata nafuu anaweza kubaki na kidonda kilichojifunga ndani ya pafu, akaonekana mzima huku akihifadhi ugonjwa. Kinga kuu ya ugonjwa huu ni chanjo ya T1/44, iliyotokana na kijidudu kilichopatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo usijichanganyie mwenyewe. Ukimwona ng'ombe anakohoa, amenyoosha shingo na kutanua viwiko, mtenge, usimpeleke mnadani, mwite afisa wa mifugo. Mweleze kila ulichomnywesha, hata kama ni magome tu.