AKILI UNDE NA KAZI YA MADEREVA WA KUPELEKA MIZIGO
Mambo ambayo vyama vya msingi vinapaswa kuyajua



Kazi ya dereva wa kupeleka mizigo hutawaliwa na maamuzi matatu: nani apewe safari, safari hiyo ilipwe kiasi gani, na nani asimamishwe kazi akikosea. Tangu zamani maamuzi hayo yamekuwa mikononi mwa watu. Katika kijiwe cha bodaboda safari hugawanywa kwa zamu, nauli hupatanwa na mteja, na mwenye kosa huitwa mbele ya uongozi wa kijiwe akajieleza. Leo, katika nchi nyingi na katika miji yetu mikubwa, maamuzi yote matatu yanakabidhiwa kwa kompyuta. Makala haya yanakusudia kueleza kompyuta hiyo inafanyaje kazi, imeleta faida na hasara gani, na vyama vyetu vijiandae vipi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Msalato iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Kondoa na Babati. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wanunuzi wameongezeka upande wetu. Mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa kimataifa hapa Msalato, na mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu mbichi haivumilii kukaa juani ikingoja gari. Mizigo midogo midogo ya namna hii huchukuliwa na pikipiki, bajaji na kirikuu, na hiyo ndiyo mizigo ambayo kompyuta huigawa kwa urahisi zaidi.

Tena msingi wake umekwisha kuwekwa. Katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa ilipewa majina na nyumba namba. Dereva aliyezoea kuelekezwa “pale penye mbuyu, uliza kwa mzee fulani” hahitaji zaidi ya hapo. Lakini kompyuta humwongoza mtu kwa urahisi zaidi penye anwani.

AKILI UNDE NI NINI

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na kumbukumbu za mambo yaliyopita, kisha ikakisia yatakayofuata. Haifikiri kama binadamu. Inalinganisha na kukadiria, kwa haraka sana.

Tuseme mteja aliyeko Kisasa anaagiza kreti mbili za zabibu kutoka Msalato. Kompyuta hutazama, kwa ishara za setilaiti zipokewazo na simu, ni madereva gani walio karibu na mzigo. Kutokana na kumbukumbu za safari nyingi zilizotangulia, hukadiria kila mmoja atatumia dakika ngapi kwa saa ile. Kisha humchagua mmoja na kupanga bei. Maagizo yakiwa mengi na madereva wachache, bei hupanda. Mzigo ukifika, mteja humpa dereva alama, na alama hizo huhifadhiwa zitumike safari zijazo.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni kupunguza safari za bure. Kampuni ya UPS ya Marekani ilimaliza mwaka 2016 kuwaenezea madereva wake nchini humo programu iitwayo ORION, inayopanga mfuatano wa vituo vya siku nzima. Kampuni hiyo ilieleza kuwa programu hiyo huipunguzia kilometa zipatazo milioni 160 kwa mwaka. Faida ya pili ni kwamba dereva asiyejulikana mjini huweza kupata wateja, na mteja huijua bei kabla ya safari kuanza.

HASARA ZAKE

Kwanza, hukumu hutolewa bila kumsikiliza mtu. Tarehe 31 Desemba 2020, mahakama ya Bologna, Italia, iliamua kwamba utaratibu wa kompyuta wa kampuni ya Deliveroo uliwabagua wapeleka chakula. Aliyekosa zamu alishushwa daraja, na kompyuta haikutofautisha mzembe na mgonjwa, wala na mfanyakazi aliyekuwa katika mgomo halali. Nchini Uingereza, mpeleka chakula mwenye asili ya Kiafrika aliondolewa kazini na Uber Eats mwaka 2021 baada ya mashine ya kutambua sura kudai kuwa picha zake hazifanani naye. Shauri lake lilimalizika mwaka 2024 kwa kulipwa fedha.

Pili, makato. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa makato yatozwayo madereva wa magari ya abiria yaitwayo kwa simu. Uber ilisimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka huo, na ilirejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Tufanye hesabu ya mfano. Safari ya shilingi 10,000 ikikatwa asilimia 25, zinabaki 7,500. Mafuta yakichukua 3,000, zinabaki 4,500. Na humo dereva atoe hesabu ya mwenye pikipiki, tairi na oili. Isitoshe, kompyuta imelipia kwenda Kisasa. Kurudi Msalato mtupu ni juu ya dereva mwenyewe.

SHERIA INASEMAJE

Nchi yetu haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri sana usifanywe na mashine peke yake. Hispania iliagiza mwaka 2021 kwamba wawakilishi wa wafanyakazi waelezwe kanuni ambazo kompyuta huzitumia kugawa kazi, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake kuhusu kazi za namna hii mwaka 2024.

NAFASI YA USHIRIKA

Kompyuta hii ni karani. Karani mwema wa mwajiri mnyonyaji atamtumikia mnyonyaji, na karani huyo huyo katika chama atawatumikia wanachama. Swali kubwa, basi, ni nani anayemwandikia kanuni na nani anayeshika daftari lake. Shirikisho la CoopCycle, lililoanzia Ufaransa, huunganisha vyama vya wapeleka mizigo kwa baiskeli vinavyotumia programu ya pamoja. Huko New York madereva walianzisha chama chao, The Drivers Cooperative, kwa shabaha hiyo hiyo. Kwetu pia, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haivifungi vyama katika mazao peke yake. Madereva nao waweza kuungana.

Kwa hiyo, Makatibu wanaombwa kuyafikisha mambo yafuatayo katika vikao vya Bodi na Mikutano Mikuu:

1. Chama kisitie saini mkataba wa usafirishaji kwa njia ya programu kabla ya kuelezwa kwa maandishi jinsi safari zinavyogawanywa, makato ni kiasi gani, na yaweza kubadilishwa na nani.

2. Mkataba utamke kwamba dereva hatafungiwa kazi kabla ya kusikilizwa na mtu, na utaje ofisi na muda wa kujibiwa.

3. Chama kiwe na daftari lake la safari: tarehe, mzigo, kilometa za kwenda na kurudi, mafuta, malipo na makato. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku ya ubishi, kumbukumbu za kampuni zisiwe ushahidi wa pekee.

4. Madereva wanaobeba mazao ya wanachama waalikwe kujadili jambo hili, kwa kuwa wao ndio watakaoguswa kwanza.

Ni vema mazungumzo haya yafanyike kabla ya msimu wa zabibu kuanza. Mzigo ukiwa tayari umo juani, chama hakina tena nafasi ya kubishana juu ya masharti.