Je, Wajua? Tiba Iliyojificha Kwenye Mlango, Ngazi na Sahani

Je, wajua kwamba sahani nyekundu inaweza kumfanya mgonjwa ale zaidi? Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza walivyowapa wazee wenye Alzheimer chakula kwenye vyombo vyekundu badala ya vyeupe. Ulaji ulipanda kwa 25% na unywaji kwa 84%! Dawa haikuongezwa hata kidonge. Macho yao sasa yaliweza kutofautisha chakula na sahani, basi.

Hayo ndiyo mambo ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy). Akija nyumbani hamkagui mgonjwa peke yake. Anakagua pia kitasa, kizingiti, urefu wa kitanda na njia ya kwenda chooni. Na unajua ni akina nani walioanzisha chama cha kwanza cha taaluma hii? Watu sita tu, Machi 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, New York. Wawili kati yao walikuwa wasanifu majengo! Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu aliyekatwa sehemu ya mguu na kupooza upande wa kushoto.

Sasa hii nayo. Ile alama ya kiti mwendo unayoiona kwenye milango ya vyoo vya viwanja vya ndege, ilipochorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Kidenmark, Susanne Koefoed, haikuwa na kichwa. Ilikuwa kiti kitupu! Karl Montan akaongeza kiduara juu yake, na papo hapo akaonekana mtu aliyeketi.

Kiti chenyewe unakidhania ni cha juzijuzi? Mwaka 1655, fundi saa wa Ujerumani aitwaye Stephan Farfler, asiyeweza kutembea, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu akikiendesha kwa mikono. Alikuwa na miaka 22. Na ukifika leo mpaka wa Goma na Gisenyi, utakutana na wafanyabiashara wenye ulemavu wakivusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, baadhi zikiwa zimesheheni kuliko mkokoteni!

Hebu tuzungumzie kidogo rampu, ile njia ya mteremko ya kupitisha kiti mwendo, maana hapa wengi hukosea. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12: ili upande sentimita 1, unahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Baraza yenye kimo cha sentimita 60? Mita 7.2, ndugu yangu! Ule mteremko mkali wa zege unaomiminwa siku ya mwisho, ili jengo lionekane lina rampu, unamrudisha mtu kinyumenyume au kumwangusha kabisa. Linaniuma hili, kwa sababu kipimo sahihi ni hesabu ya darasa la nne.

Wapo walioziparamia ngazi kwa mikono yao. Machi 12, 1990, mjini Washington, watu wenye ulemavu wapatao 60 waliacha viti mwendo na magongo yao chini ya ngazi za Bunge la Marekani, wakaanza kupanda kwa viwiko, magoti na makalio. Muswada wa haki zao ulikuwa umekwama. Kati yao alikuwemo Jennifer Keelan, mtoto wa miaka 8 mwenye mtindio wa ubongo. Alijivuta ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu. Julai 26 mwaka huohuo, Rais George H. W. Bush akautia saini ukawa sheria!

Vigae vya njano vyenye vinundu, vinavyomwelekeza asiyeona kwa unyayo, vilianzia wapi? Japani. Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965 kwa fedha zake mwenyewe, kwa ajili ya rafiki aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona. Machi 18, 1967 vikawekwa mtaani kwa mara ya kwanza, Okayama, karibu na shule ya wasioona. Leo vimeenea duniani.

Japani hiyohiyo, tangu 1991, chupa za shampuu za kampuni ya Kao zina mistari iliyoinuka ya kupapasa ubavuni. Fumba macho, povu limekujaa usoni: bado utaitofautisha na chupa nyingine.

Uingereza nako, pitisha mkono chini ya kisanduku cha kubonyezea unapotaka kuvuka barabara. Kwenye vivuko vingi utagusa kipini kidogo. Kikizunguka, vuka! Wanaoona hupita hapo miaka na miaka bila kujua kwamba kipo.

Singapore walikwenda mbali zaidi: tangu 2009 mzee anagusisha kadi yake kwenye nguzo, na taa ya kijani inamwongezea sekunde 3 hadi 13 za kuvuka. Sekunde 13!

Wajua pia kwamba viziwi wana usanifu wao wa majengo? Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, kina korido pana ili wawili watembee huku wakizungumza kwa lugha ya alama. Kuta zinapakwa bluu au kijani ili mikono ionekane vizuri. Nasi Afrika Mashariki tusijisahau: Katiba ya Kenya ya 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya!

Na hapa kwetu Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT ambako vijana kutoka nchi nyingi za Afrika wamejifunza kutengeneza miguu ya bandia na kuwapimia watu viti mwendo.

Moja la mwisho, na hili ni la nyumbani kwako. Shirika la Afya Duniani linasema watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wazee. Kiti mwendo cha mtu mzima kina upana wa karibu sentimita 65, na mlango wake unatakiwa kuwa na uwazi wa sentimita 81 hivi. Chukua futi, nenda kapime mlango wa choo chako. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi leo, kabla fremu haijakaza.