Mkristo na Jirani Aliyetajwa kwa Mpiga Ramli

Muulize Mkristo wa Magu wajibu wake kwa taifa: atakutajia kodi, kura na kuwaombea viongozi. Hajakosea. Ila huku Usukumani uraia wa muumini hupimwa hasa siku bibi wa jirani anapoanza kuitwa mchawi.

Mtoto anafariki ghafla, ndugu wanakwenda kwa mpiga ramli, jina linatajwa. Mara nyingi ni la mjane mwenye shamba linalotamaniwa, tena mwenye macho mekundu yanayochukuliwa kuwa alama ya uchawi, kumbe ni wekundu ulioletwa na miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Baada ya muda anakatwa mapanga usiku. Shirika la MAPERECE la hapa Magu limewatetea wazee hawa kwa miaka mingi, na mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ramli chonganishi.

Wapo wanaojificha nyuma ya Kutoka 22:18, inayoagiza mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Hiyo ilikuwa sheria ya taifa lenye waamuzi wake, na Torati hiyohiyo, katika Kumbukumbu 19:15, inadai mashahidi wawili au watatu. Kibuyu cha mganga si shahidi. Paulo naye, katika Warumi 13, upanga anauweka mikononi mwa mamlaka, wala si kwa vijana wa kukodiwa.

Katiba ya mwaka 1977 inalinda haki ya kuishi katika Ibara ya 14. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu atii sheria, kisha inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda. Waumini wengi hukwama kwenye hilo la pili. Msibani wanafika, rambirambi wanatoa, ila polisi wakiuliza, hakuna aliyeona. Woga huo naufahamu: muuaji anaweza kuwa shemeji yako, au mwenzako wa kwaya. Hata hivyo Walawi 5:1 inamhesabia kosa anayejua jambo akakaa kimya ushahidi unapotakiwa. Na Paulo mwenyewe kule Filipi hakuona haya kudai haki zake kama raia wa Rumi.

Mzee wa kanisa akisikia kwamba jina limetajwa, aende siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji na polisi, asingoje kuandaa ibada ya mazishi. Mchungaji naye ana kazi yake. Kanisa linalomtenga muumini kwa sababu ya mitara au pombe lina neno gani kwa yule aliyelipia ramli, kisha Jumapili akaja kushiriki Meza ya Bwana?