Mizani ya Vitu Visivyodumu

Mkulima wa Masimba, katika nchi ya Wagusii, aijua sana mizani. Majani yake ya chai huning'inizwa, karani huandika kilo, na mwenye mali akiona shaka aweza kuomba yapimwe tena. Lakini wako watu wapimao vitu ambavyo havingoji kupimwa mara ya pili.

Vitu hivyo ni viini vya atomu. Tutazame kalisi, iliyomo katika maziwa, mifupa na chokaa. Kiini chake cha kawaida kina protoni 20 na neutroni 20, nacho chadumu. Katika maabara ya ISOLDE huko CERN, karibu na Geneva, wataalamu walipata kalisi yenye neutroni 34. Nusu ya viini vyake huharibika katika muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Basi hupimwaje? Hupimwa kwa mbio. Atomu zilizotiwa umeme husukumwa kwa nguvu moja. Nyepesi hutangulia, nzito huchelewa. Yenye uzito mara nne hutumia muda mara mbili. Lakini tofauti zenyewe ni ndogo mno, na katika njia fupi zote hufika karibu pamoja. Kwa hiyo huwekwa vioo viwili vya umeme (wala si vya kujitazamia) vinavyozirudisha huku na huku mara nyingi, hata chombo kifupi kuliko kitanda kikawa njia ya kilometa kadhaa. Atomu nyingine, ambayo uzito wake wajulikana, hukimbizwa pia, nayo ndiyo jiwe la mizani.

Uzito wa kiini hupungua kidogo kuliko jumla ya sehemu zake, na upungufu huo ndio kipimo cha nguvu iliyokifunga. Mwaka 2013 ilidhihirika kwamba neutroni za kalisi zikifika 32 hushikamana imara. Zinazozidi hapo hushikwa kwa ulegevu.

Haya yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Dhahabu, kama ile ya Kakamega iliyowavuta watu wengi miaka ya 1930, hutokana na viini vya namna hii visivyodumu. Tarehe 17 Agosti 2017 wanajimu waliona nyota mbili za neutroni zikigongana, mahali ambapo madini mazito huzaliwa. Kukadiria dhahabu iliyotoka humo kwahitaji uzito wa viini vingi, na vilivyo vingi havijapandishwa mizani bado.