Kuteleza si Kuanguka: Mazoezi ya Mizani ya Mwili kwa Wazee

Methali hii tunaitumia darasani kumtia moyo mwanafunzi aliyekosea. Kwa mzee, maana yake ni ya moja kwa moja. Kijana akiteleza, mguu wake hutangulia upesi ukamzuia. Mzee akiteleza, mara nyingi huanguka, na huenda akavunjika nyonga.

Mwili hujisimamisha kwa msaada wa macho, sikio la ndani na hisia za nyayo na viungo. Ubongo hukusanya habari hizo na kuiamuru misuli. Umri unapoongezeka, vyote hivyo hudhoofika. Tena, mzee aliyewahi kuanguka huogopa, akashinda kitini, na miguu ikazidi kulegea. Nasi kwa nia njema humwambia, "Tulia, mama, usijisumbue," kumbe tunamwongezea hatari.

Mizani ya mwili hufunzwa. Mwaka 2019, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee waishio majumbani kwa takriban asilimia 23. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na ya nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Mazoezi yenyewe ni kama haya:

1. Kuketi na kuinuka kitini polepole.
2. Kushika egemeo la kiti kizito na kuinua visigino.
3. Kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole.
4. Kusimama kwa mguu mmoja.

Mzee aanze akishika kwa mikono miwili, baadaye mmoja, na mwisho aachie akiweza. Mtu awe karibu naye. Mwenye kizunguzungu, au aliyeanguka hivi karibuni, amwone daktari kwanza.

Wanafunzi watakaowasaidia bibi na babu zao wakati wa likizo wakumbuke pia somo la vitenzi. "Simama! Inua mguu!" ni sarufi sahihi, lakini ni amri. Tumsalimu kwanza, kisha tuseme: "Bibi, naomba usimame, ushike kiti, uinue kisigino." Mzee aliyeombwa kwa heshima hukubali kujaribu, na kesho yake hurudia.