Vazi la Lubugo na Heshima ya Msanii

Mwacha mila ni mtumwa. Msanii wa Buganda apandapo jukwaani amevaa lubugo, watazamaji humtambua asili yake hata kabla ya ngoma kulia. Lakini je, twamkumbuka fundi aliyelitengeneza vazi lile?

Vazi hilo halifumwi. Wakati wa mvua fundi hubandua gome la mti uitwao mutuba, akaliponda kwa nyundo za mbao bandani, hadi likalainika na kupata rangi ya udongo mwekundu. Shina huvishwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, mti hauuawi. Mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao Kaboggoza, wamewavika wafalme na raia kwa karne nyingi, na wafu wakazikwa kwa nguo hiyo hiyo.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walileta nguo za pamba, na taratibu lubugo likawekwa kando. Mwaka 2005 UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa binadamu. Hiyo ni heshima kubwa. Walakini sifa haipandi mti.

Sisi tuvaao sare twajua kwamba sare hutoka ghalani. Ghala la msanii huyu ni shamba la mituba na mikono ya wazee. Vijana na waende wakajifunze kuponda. La sivyo, kesho wasanii wetu watacheza wamevaa mfano wa vazi, siyo vazi lenyewe.